Raba nne za tairi la lori

Pikipiki ya baba ilikuwa Honda CG125 nyekundu, tangi limechakaa rangi pale magoti yanapobana. Aina hiyo ilianza kutoka mwaka 1976, na injini yake iliundwa ivumilie shida, hata oili iliyochelewa kubadilishwa. Yetu ilivumilia mengi. Wachina walikuwa wamekwisha kuiiga, kwa hiyo pistoni, klachi na kabureta tulipata dukani bila taabu. Kilichotusumbua ni habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu.

Mwaka 2009 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nipo nyumbani Morogoro nasubiri matokeo. Kila baba alipoachia klachi, gurudumu la nyuma liligonga "ko!" ndipo pikipiki iondoke. Nikalifungua. Ndani ya habu hukaa raba nne za mviringo, na misumari ya sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, huingia humo. Kazi yake ni kumeza mshtuko wa injini kabla haujafika kwenye gurudumu. Zetu zilikuwa zinamomonyoka kwa kidole. Ukiendelea kuendesha hivyo, cheni inalika haraka na matundu ya habu yanapanuka, na habu ikishapanuka haina dawa.

Za dukani zilikuwa nyembamba kidogo, zinacheza. Baba akazigeuzageuza kiganjani, akanirudishia. "Kinachocheza leo, kesho kinavunja. Usifunge."

Nikaokota kipande cha tairi la gari dogo, nikashinda nacho asubuhi nzima. Kisu kiligoma, kikaniteleza na kunichana kiganja. Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja aliyeshona katambuga, viatu vya matairi, karibu na soko la Mawenzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kiatu?"

Nikamwonyesha raba iliyooza na kile kipande changu. Akakikunja mpaka ncha za waya zikang'aa kwenye mkato. "Hili ni la waya. Hata kiatu sitengenezei, litamchoma mtu mguu. Wewe unataka la nyuzi." Akavuta kutoka chini ya meza kipande cha tairi la lori, kizito, mkato wake mweusi tii wenye nyuzi nyeupe kwa tabaka.

Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama, na mpaka leo mikono ile naiona. Alichovya kisu kwenye maji ya sabuni kila baada ya mvuto mmoja, na raba iliyonishinda ikawa inafunguka kama papai. Alikuwa na kipande cha bomba la chuma, mdomo wake umenolewa kwa tupa. Alikiweka juu ya raba, akagonga kwa nyundo, kikatoka kidonge cha mviringo. Kimoja hakikufikia kina cha tundu, akapanga viwili viwili. Matundu ya katikati aliyatoboa kwa nondo iliyopashwa moto kwenye jiko la mkaa, moshi ukitutoa machozi, kisha akarudishia vibomba vya chuma vya raba za zamani. Alipima kwa kidole gumba tu. Malipo yake hayakufika hata bei ya zile za dukani.

"Usipake oili," akanionya. "Oili inaila raba. Tumia sabuni."

Baba alikuwa na jiliwa uani. Tulizibana moja moja, povu la sabuni likitoka pembeni, hadi zikalala sawa na ukingo wa habu. Hatukuzungumza. Ya nne ilipoingia alinipiga begani kwa mkono wenye grisi.

Kesho yake tulipakizana hadi Mlali, tukaanza kuupanda mlima wa Mgeta. Gia ya kwanza, mawe, kona. Nilitega sikio muda wote. Baba akasimama kwenye kona yenye kivuli, akazima, akaachia breki na kuweka kiganja kwenye habu kuona kama imechemka. Akakiacha hapo kitambo. Kisha akasimama, akanikabidhi ufunguo.

"Endesha wewe," akasema, akapanda nyuma.