Kuoga mwaka mbali na Makunduchi

Mpango wangu ulikuwa nisirowe. Nilimwambia hivyo mwalimu mwenzangu wa darasa la pili, akacheka mpaka akashika mlango. "Kru," akasema, maana ndivyo wanavyomwita mwalimu huku, "tarehe 13 ukitoka nje utarowa. Hata polisi wanarowa."

Huu ni mwaka wangu wa pili kufundisha hesabu hapa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Songkran ya kwanza, yaani mwaka mpya wa Kithai wa mwezi Aprili ambapo watu humwagiana maji, sikuiona, nilikuwa nyumbani Zanzibar kwa likizo. Safari hii, 2024, nauli haikutimia, nikabaki. Ramadhani nzima tumefunga na moshi, kwa sababu Machi na Aprili mashamba na misitu ya milimani huchomwa na mji ukawa kama jiko la kuni. Idi ikapita. Siku chache baadaye hina yangu bado inawaka mikononi, na mji mzima unanunua ndoo.

Jumamosi asubuhi nikavaa baibui, simu nikaitia kwenye mfuko wa mkate nikaufunga fundo mbili, nikatoka. Nilitaka kufika Ban Haw tu, mtaa wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, karibu na soko la usiku. Pale kuna msikiti, na nje yake wanauza khao soi ya kuku wa halali, tambi ndani ya mchuzi wa nazi na bizari. Nile, nirudi kabla ya adhuhuri. Basi.

Nikapanda gari jekundu, baht 30. Magari haya ni pikapu zilizoezekwa, abiria mnakaa kwenye mabenchi mawili mkitazamana magoti, nyuma wazi. Aliyewahi kupanda daladala zetu za zamani atajiona yuko kwao. Tatizo ni hiyo nyuma wazi.

Mji wa zamani wa Chiang Mai, alioujenga mfalme Mengrai mwaka 1296, ni mraba uliozungushiwa mfereji mpana wa maji. Siku ya Songkran mfereji huo ndio ghala la silaha. Watu wamepanga pembezoni mwake na ndoo zenye kamba, wanateka, wanarusha, wanateka tena. Foleni ya magari haisogei, na nadhani hakuna anayetaka isogee. Tulikuwa abiria saba. Mama mmoja aliyebeba kapu la maua akanitazama, akatazama baibui langu, akatoa mfuko wa plastiki akajifunika kichwa. Hakunipa hata kipande.

Aliyetangulia kunifikia ni mtoto wa miaka mitano hivi, ana kibakuli cha bati. Alipoona mtandio akasita. Akageuka kumtazama bibi yake, bibi akanitazama mimi, mimi nikanyoosha mkono. Mtoto akamimina kidogokidogo juu ya kiganja, kama anayemwagilia mche, akasema kwa sauti ndogo, "Sawasdee pi mai." Heri ya mwaka mpya. Nikajiambia, kumbe hii ndiyo Songkran, watu wanaitia chumvi bure.

Sijamaliza kuwaza hayo, pikapu iliyokuwa ubavuni ikatufikia. Ina pipa, na ndani ya pipa wametia vigogo vya barafu. Nilipiga ukelele ambao bila shaka ulisikika Kizimkazi. Baibui likawa kilo kumi. Mama wa maua akacheka mpaka machozi, na hapo ndipo akanipa ule mfuko.

Nikashuka Lango la Tha Phae nikaenda kwa miguu, maana aliyekwisha kurowa hana la kuogopa. Vijana walinipaka unga mweupe uliokorogwa na maji mashavuni, wakiomba ruhusa kwanza kwa mkono. Khao soi niliila nikitetemeka, kwenye joto la Aprili! Simu haikuokoka. Fundo mbili hazikutosha, kosa ni langu, wenzangu wote walikuwa na vile vimfuko vya shingoni.

Lakini njia nzima nilikuwa na neno moja kichwani. Kwetu Makunduchi mwaka hauingii hivihivi, unaogwa. Ndiyo Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, Julai. Wanaume wanatandikana migomba, wanawake wanapita wakiimba, kibanda kinatiwa moto, na wazee wetu walikuwa wakienda kujimwagia bahari. Serikali ya Thailand ilihamishia mwaka wake Januari mosi tangu 1941, kama sisi tulivyo na Januari yetu ukutani. Watu wakaendelea kuoga mwaka wao palepale.

Tarehe 14 nililala, ila jioni nilipita njia ya hekalu la jirani. Ndani sikuingia. Uani walikuwa wanajenga vilima vya mchanga na kuvichomeka bendera za karatasi. Wanasema mwaka mzima umetoka na mchanga wa hekalu kwenye nyayo zako, basi urudishe. Hilo lilinipendeza kuliko barafu.

Tarehe 15 ikawa zamu ya kuwaenzi wazee. Mwenye nyumba wangu, naye namwita Yai, yaani bibi mzaa mama, alikaa kwenye kiti barazani, viganja vimekutana juu ya bakuli. Wajukuu wakamimina kwa zamu, maji ya som poi, yenye maganda ya mti fulani na maua, yananukia kama asumini iliyochanganywa na ndimu. Zamu yangu nikapiga magoti nikamimina. Yai akanishika vidole, akaigeuzageuza ile hina, akauliza kama na haya ni ya mwaka mpya. Kisha akaniombea dua ndefu ya Kikaskazini, sikuelewa ila neno la afya. Nikaitikia amin. Wajukuu wakaangaliana, mmoja akajaribu, "Amin."

Usiku niliazima simu nikampigia mama.

"Umeoga mwaka?"

"Nimeogeshwa, mama."

"Na migomba je?"

"Hapana migomba. Wana barafu."

Akanyamaza, halafu nikamsikia anamwita jirani kwa sauti: "Njoo usikie, wamempiga kwa barafu!"