Mrusi kanipitilizisha kituo

Leo nimepitilizwa kituo mpaka Mwenge na konda kanicheka juu, sababu ni Mrusi mmoja niliyekuwa namsoma kwenye simu 😂

Aleksandr Bulatovich. Afisa wa jeshi la wapanda farasi la Tsar, yaani mfalme wa Urusi, kijana, nishani kifuani. 1896 kaja Ethiopia na Msalaba Mwekundu wa Urusi, 1898 kafika na jeshi la Menelik, mfalme wa Ethiopia, mpaka Ziwa Turkana, hapo kwa majirani zetu kabisa.

Halafu anaacha vyote anakuwa mtawa Mlima Athos, ule mlima wa watawa kule Ugiriki!

Na huko nako vita. Yeye na wenzake wanasema Jina la Mungu ni Mungu mwenyewe, ndo maana unalirudia kwenye sala usiku na mchana, wakubwa wa kanisa wakasema huo uzushi, na 1913 serikali ya Tsar ikatuma meli na askari wakawatoa watawa mia kadhaa kwa nguvu. Kwa ajili ya jina jamani.

Nafika home, bibi yuko kwenye mkeka na tasbihi yake, ile iliyokatika akaifunga na uzi wa cherehani, kila kidole gumba kikifika kwenye fundo kinasita kidogo halafu kinaendelea.

Nikamuuliza, bibi, hivi jina la Mungu ndo Mungu mwenyewe?

Kaninyooshea kidole nisubiri. Kamaliza mzunguko wote.

"Mkate umeleta?"

Sijaleta 😩

Nyie mngemjibuje Bulatovich?