Mnarudi na Mwenza wa Kichina? Kaunta Asiiguse

Watanzania mnaofunga mizigo Guangzhou, China, mrudi nyumbani na mume au mke Mchina, Kariakoo mnayoikumbuka, ya Mchina kuuza maua ya plastiki bila kusumbuliwa na mtu, imeshapita. Mkikimbilia Ubungo kutafuta basi la mkoani mtakuta kituo cha biashara kilichojengwa na Wachina; mabasi yalihamia Mbezi. Hilo la kucheka.

La kununa ni amri ya serikali ya Tanzania ya Julai 2025. Wasio raia wamefungiwa biashara 15, zikiwemo jumla na rejareja, ufundi simu, saluni, uwakala wa pesa za simu, uwakala wa forodha na udalali. Yaani karibu kila kitu ambacho familia zetu za Xiaobei, mtaa wa Waafrika Guangzhou, zinakijua! Cheti cha ndoa hakimkingi mtu. Mumeo Mchina akikutwa anapokea hela, ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au jela hadi miezi 6, na kibali cha ukaazi kinafutwa. Raia aliyemsaidia naye ana faini ya milioni 5 au miezi 3. Ule ujanja wa "leseni yangu, duka lake" ndio hasa uliolengwa, na jirani uliyemshinda bei hatakuonea haya. Leseni, mkataba wa pango, TIN, akaunti na lipa namba viwe kwa jina la raia, na raia huyo awe dukani kwelikweli. Kukagua mzigo kiwandani, mwenza akufanyie akiwa kulekule China.

Uraia kupitia ndoa? Mke Mchina anaweza kuomba. Mume Mchina wa Mtanzania hana mlango huo, na sijui ni haki gani hiyo. Naye mke akiupata, wa China unakoma, na kwenda kumwona mamaye ataomba viza.

Vyeti vya watoto vimalizeni kabla ya kupanda ndege. Muhuri mmoja wa kuthibitisha hati za kutumika nje (apostille), ambao China inautumia tangu Novemba 2023, hautoshi kwetu. Anzia ofisi ya uthibitishaji upate na tafsiri ya Kiingereza, kisha ofisi ya mambo ya nje ya jimbo, kisha ubalozi wetu. Kinachokwamisha wengi ni majina: Kichina ukoo hutangulia, hivyo Chen Neema wa cheti cha hospitalini anakuwa Neema Chen kwenye pasi, na afisa anaona watoto wawili. Omba kwenye ile ofisi ya uthibitishaji hati inayothibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Utaihitaji tena akifika miaka 18 na kulazimika kuchagua uraia mmoja, maana uraia pacha haupo kwetu wala kwao.