Nilivyoifunza simu kutambua batobato kwenye jani la muhogo

Kwa simu, picha ya jani la muhogo ni namba 150,528: pikseli (nukta za picha) 224 kwa 224, kila pikseli ikiwa na kiwango cha nyekundu, kijani na bluu kuanzia 0 hadi 255. Modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, hupitisha vichujio vidogo juu ya namba hizo, tabaka baada ya tabaka. Vya mwanzo hushika kingo na rangi, vinavyofuata hushika mabaka na umbo. Nilichukua MobileNetV2, modeli nyepesi inayofaa simu, iliyokwisha kufunzwa kwa picha za vitu vya kila aina, nikaziacha tabaka zake kama zilivyo, nikabadilisha ya mwisho tu ili ijibu makundi matatu: jani lisilo na ugonjwa, na magonjwa mawili ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia.

Kazi kubwa iko shambani. Batobato utaiona kwenye majani machanga ya juu: mabaka ya njano, jani limejikunja na kudumaa. Michirizi ya kahawia huanza chini, kwenye majani yaliyokomaa, na unjano wake hufuata mishipa. Ukipiga picha za juu tu, mmea wenye michirizi utapita kama mzima. Nilipiga kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu jua la saa sita hulifanya jani ling'ae hadi mabaka yanapotea. Picha 300 kwa kila kundi zilitosha kuanzia, mradi zitoke mashamba mbalimbali.

Awamu ya kwanza niliharibu. Majani yasiyo na ugonjwa niliyapiga yakiwa kwenye mmea, ya batobato nikayashika mkononi, basi modeli ikajifunza kutambua vidole! Halafu picha za mmea mmoja ziliingia kwenye kufunza na kwenye kupima, matokeo yakapendeza bure. Gawanya kwa mashamba, si kwa picha: shamba la kufunzia lisiwe la kupimia.

Kwenye kompyuta ikajibu vizuri, kwenye simu ikaweweseka. OpenCV, programu niliyotumia kusoma picha, husoma rangi kwa mpangilio wa bluu, kijani, nyekundu, nami sikuugeuza. Bluu na nyekundu zikibadilishana nafasi, kijani hubaki kijani lakini njano hugeuka samawati, na njano ndiyo dalili yenyewe. Kosa la pili: modeli hii inataka namba kati ya -1 na 1, kwa hiyo gawanya kila kiwango cha rangi kwa 127.5 kisha toa 1.

Ongeza pia kundi la nne, la vitu vingine. Bila hilo, hata jani la mpapai linaweza kupewa ugonjwa, tena kwa uhakika mkubwa, maana modeli lazima ichague.

Mwisho nilibana namba ambazo modeli imejifunza, kila moja kutoka biti 32 hadi 8. Faili likabaki karibu robo, na simu inafanya kazi bila intaneti. Pima upya baada ya kubana.

Kamera huishia kwenye jani. Michirizi inaweza kuozesha mihogo huku majani yakionekana salama, kwa hiyo ninapotilia shaka nang'oa mmea mmoja na kukata muhogo wake, nikitafuta madoa makavu ya kahawia ndani.