Breki za mauntini yangu: kutoka waya kwenda oili

Naandika kwa vipande maana mradi wenyewe umeenda kwa vipande. Hela ikipatikana nanunua kitu, ikiisha natulia.

Mwezi wa nane, Jumapili

Nianze na shida ilikotokea. Baiskeli ni mtumba wa Japani, fremu ya alumini, tairi za 26, na niliinunua ikiwa na breki za oili za zamani, ila mkono wa breki ya nyuma ulikuwa unazama kama unakamua sponji. Nikajua ni hewa tu. Nikampelekea fundi mmoja wa pikipiki, mtu mkarimu sina ugomvi naye, akafungua, akajaza oili ya breki ya pikipiki, DOT 4, akatoa hewa, mkono ukawa mgumu kama jiwe la Bismarck, nikamlipa buku tano nikaondoka nacheka mwenyewe barabarani.

Wiki mbili tu. Breki ikaanza kung'ang'ania, ukiachia mkono pistoni zinazosukuma pedi hazirudi, tairi inazunguka nusu inagoma, alafu kalipa, ile sehemu inayobana diski, ikaanza kuvuja. Kumbe zile breki zilikuwa za oili ya minerali, na imeandikwa kabisa kwenye mkono wa breki kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyehangaika kuzisoma, si mimi si fundi. DOT ni kitu kingine kabisa, asili yake ni glaikoli, na raba za sili zilizotengenezwa kwa ajili ya minerali zikikutana nayo zinavimba na kulainika. Nilivyofungua kilichotoka ndani kilikuwa cheusi kama maji ya kuoshea dagaa. Tena ilidondoka kwenye fremu nikachelewa kufuta, asubuhi rangi imebabuka. Sili za modeli ile huzipati, kwa hiyo seti nzima ikaenda kwa watoto wa vyuma chakavu.

Mwezi wa tisa mwanzoni

Nimefunga breki diski za waya za bei chee ili angalau nitembee. Kwa barabara ya Airport wala huoni tatizo, ni tambarare, ziwa pembeni, unabonyeza inasimama. Tatizo ni kwamba mi nakaa juu, na Mwanza ukikaa juu unajua, asubuhi unashuka jioni unapanda. Kushuka kutoka Isamilo na kilo zangu 92 na begi mgongoni, nikifika chini vidole vinatetemeka kama nimetoka kupiga jembe. Ukibana sana waya unavutika, kava ya waya inajikunja, nguvu inapotelea njiani kabla haijafika kwenye diski.

Na nyingi za hizi za waya pedi moja tu ndo inasogea, inasukuma diski ikagonge pedi ya upande wa pili ambayo imekaa tu. Kwa hiyo kila pedi zikilika kidogo inabidi ushuke urekebishe kwa mkono, upande huu robo mzunguko, upande ule robo mzunguko. Kuna siku nilirekebisha Bwiru, nilivyofika chini kule nikarekebisha tena.

Mwezi wa tisa, katikati: kuchagua

Hapa ndo nimekaa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ya kufunga. Daftari langu lina kurasa nne za mahesabu, mke wangu aliona akaniuliza kama nanunua gari.

Wazo la kwanza lilikuwa nibaki na waya ila nipande daraja, nichukue kama Avid BB7 ambayo pedi zote mbili unazirekebisha kwa kuzungusha kitasa kwa vidole bila spana, na niweke kava ngumu za waya zisizojikunja. Faida yake ni kubwa kwa huku kwetu, waya ukikatika Kisesa au hata Magu huko fundi yeyote wa baiskeli anao. Nilikuwa nimeshaamua kabisa. Kilichonirudisha nyuma ni bei, BB7 mpya mbili pamoja na mikono yake zinazidi bei ya seti ya chini ya oili ya kampuni ya Shimano.

Wazo la pili lilikuja kwa hasira, nikasema kwani DOT si imejaa kila duka la spea za pikipiki mjini hapa, basi nitafute breki za kampuni ya SRAM za kutumia DOT nimalize ubishi. Rafiki yangu anayefanya kazi gereji ya magari ndo alinipoza. Akaniambia kaka, DOT inanyonya unyevu wa hewani, kopo ukishalifungua hesabu siku. Ikiwa kavu DOT 4 inatakiwa kustahimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 155, na oili ikichemka kwenye mteremko unapata mvuke ndani ya hozi, ule mrija wa oili, mkono unaenda mpaka kwenye usukani na hakuna kinachotokea. Kwenye gari anabadilisha kila baada ya muda fulani na watu wanamlalamikia. Alafu nikauliza Dar bei ya kalipa na sili za SRAM, nikafunga daftari. Kuwa na oili karibu hakusaidii kama kila kingine kiko mbali.

Ikabaki familia ya minerali. Hapo mawili, zote za Shimano: Deore M6120 yenye pistoni nne, au MT200 yenye pistoni mbili. Nikwambie ukweli moyo wangu ulikuwa kwenye pistoni nne. Nilikuwa naangalia picha zake usiku. Lakini nikajiuliza mi nashuka mlima gani hasa, Bugando? Isamilo? Ni miteremko mikali ila mifupi, dakika mbili tatu uko chini, si mtu anayeshuka Uluguru nusu saa. Seti ya pistoni nne niliyotajiwa ni karibu laki sita na nusu, MT200 laki na tisini mbele na nyuma, oili ikiwa imeshajazwa humo.

Na pedi. Pedi za MT200 ni lile umbo la B01S, baadaye zikaja B03S na B05S, zote zinaingia sehemu ileile, na Shimano za bei ya chini kibao zinatumia hizohizo, kwa hiyo Kariakoo zipo. Mchanga wetu huu ni granaiti iliyosagika, mvua ikinyesha unarushwa kwenye diski na kazi yake ni msasa tu, kwa hiyo pedi kwangu ni kama mkate. Nikaona bora breki ya kawaida yenye pedi pea nne za akiba ndani kuliko breki kali ambayo pedi zikiisha naegesha mwezi mzima.

Nguvu nikaitafuta kwenye diski. Zilizopo ni za kipenyo cha milimita 160, nikiweka ya 180 mbele mkono wa nguvu unaongezeka asilimia 12 na nusu, bila kugusa kitu kingine. Nilitamani 203 ila foku yangu (uma wa mbele) imeandikwa mwisho wake 180, sitaki kuipasua foku nikiwa juu yake.

Mwisho wa mwezi wa tisa

Mzigo umefika kwa basi, nimeufuata stendi ya Nyegezi. Kikasha kidogo mpaka nikadhani nimepigwa. Ndani: seti ya MT200, diski ya 180 na ya 160 za bolti sita, adapta mbili, pedi pea nne, chupa ndogo ya oili ya minerali ile ya rangi ya waridi, na kikombe cha kufunga kwenye mkono wakati wa kutoa hewa.

Adapta ziliniumiza kichwa kabla ya kuagiza. Foku yangu ina matundu yanayoingia bolti kwa mbele, ile posti maunti, fremu nyuma ni ya zamani, matundu yake yanapita pembeni, ile IS. Kwa hiyo mbele nilihitaji adapta ya kuinua kalipa kwa ajili ya 180, nyuma adapta ya kutoka IS kwenda posti kwa 160. Ukikosea hapo kalipa inakaa nje ya diski. Piga picha matundu yako umtumie muuzaji, usimweleze kwa maneno kama mimi mara ya kwanza.

Tatizo lingine nimeliona usiku baada ya kufungua: hii seti breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Mtumba wa Japani breki ya mbele iko kulia, na mimi naendesha pikipiki pia ambayo breki ya mbele iko kulia. Sitaki siku ya ajali ubongo uanze kufikiria. Kwa hiyo hozi lazima zihame, na ukichomoa hozi breki uliyonunua ikiwa imejazwa inakuwa si ya kujazwa tena.

Mwezi wa kumi, wiki mbili za kwanza

Kazi imefanyika kibarazani, Jumamosi mbili.

Diski: bolti sita, spana ya nyota T25, kaza kwa kuvuka upande wa pili, moja baada ya nyingine. Inatakiwa nyutoni mita 2 hadi 4, spana ya kipimo sina, nilishika mpini mfupi kwa vidole vitatu nikaishia hapo.

Hozi nilikata kwa wembe mpya uliobanwa kwenye mbao ili kata iwe nyoofu, nikaweka kile kipete kipya cha shaba kinachobanwa. Cha zamani hakirudiwi.

Kutoa hewa: bomba la sindano la famasi, mililita 20, na mrija uliokatwa kwenye dripu. Unatoa pedi, unaweka kipande cha mbao katikati ya pistoni zisitoke, mkono unausawazisha ulale, kikombe juu, chini unafungua nipo, kile kichuchu cha kutolea hewa, kwa spana namba 7 na kusukuma oili kutoka kwenye kalipa kwenda juu maana hewa yenyewe inapenda kupanda. Unagongagonga hozi kwa mpini wa bisibisi, vipovu vinatokea kikombeni kimoja kimoja kama samaki anapumua. Mbele ilikubali mara moja. Nyuma nilirudia mara tatu, umeme ukakatika katikati, nikamalizia kwa tochi ya simu niliyoishika kwa meno.

Mtoto wa jirani kasimama muda wote, mwisho akauliza, "Mjomba, baiskeli imetundikiwa dripu?"

Alfajiri ya kesho yake

Kulainisha pedi, yaani kuzizoesha na diski mpya. Barabara ya Airport saa kumi na mbili asubuhi, kasi ya kiasi, bana taratibu mpaka karibu kusimama bila kufunga tairi, achia, rudia. Nimefanya kama mara ishirini kila breki. Za mwanzo hazikuwa na kitu, kama nimefunga ubao. Kwenye ya kumi na kitu ikaanza kushika, na zile za mwisho ilibidi nirudishe makalio nyuma ya siti.

Jioni nimeshuka Isamilo kwa kidole kimoja kila upande. Mkono wa MT200 ni mrefu, umetengenezwa kwa zaidi ya kidole kimoja, kwa hiyo nimeusogeza ndani kwenye usukani kidole kiishie kwenye ncha.

Mwezi wa kumi na moja

Mvua za vuli. Kosa la kijinga: nimepita Mwaloni Kirumba nikanunua sangara, nikamfunga nyuma kwenye keria, mfuko ukachuruza mafuta kwenye diski. Kufika Pasiansi baiskeli inalia kama mbuzi na breki ya nyuma haina nguvu. Diski nimeisafisha kwa spiriti ya isopropili, pedi nimezitupa, mafuta yakishaingia kwenye rezini ya pedi hayatoki. Pea moja ya akiba imeondoka hivyo.

Nilifikiria kuweka pedi za chuma nyuma kwa ajili ya mvua maana zinadumu zaidi kwenye tope, ila diski zangu zimechapwa kabisa kwamba ni za pedi za rezini tu, chuma itazila. Kwa hiyo diski kwanza, na hiyo ni mwakani.

Za mbele nimezipima jana, zimebaki kama nusu. Mwisho wake ni nusu milimita. Oili imebaki robo chupa, nimeandika juu kwa maka peni SI YA PIKIPIKI, na sangara sasa anakaa kwenye begi mgongoni.