Mashoka yalikuwa mawili

Mwaka juzi ukoo wetu ulikaa kikao cha kujengea kaburi la babu. Fundi alitaka maneno ya kuandika kwenye jiwe, na wazee hawakuchukua muda kukubaliana: "Mwanzilishi wa kitongoji hiki." Bibi alikuwa ameketi mkekani, anachambua mchicha. Akasema kwa sauti ya chini, nami niliyekuwa karibu ndiye pekee niliyemsikia: "Mashoka yalikuwa mawili."

Maneno hayo yalininyima usingizi. Bibi ana zaidi ya miaka themanini, na katika familia yetu kila mtu anajua alichofanya babu. Nikaamua kuandika maisha yake kabla hajachoka kuyasimulia.

Nilianza vibaya. Nilikwenda Geita na daftari lenye maswali thelathini. Ulizaliwa mwaka gani? Mlihamia huku lini? Bibi alinijibu kama anayejibu karani wa sensa: "Sijui mama, andika unavyoona." Hata tarehe iliyo kwenye kitambulisho chake ilikisiwa na karani akisaidiana na baba mkubwa. Siku ya tatu aliniambia mgongo unamuuma, akaingia ndani kulala. Nilirudi Mwanza na kurasa mbili.

Nilirudi tena kiangazi, wakati wa kukata michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kuanika. Safari hii niliacha daftari kwenye begi, nikachukua kisu, nikaketi karibu na beseni la viazi. Kisu cha bibi kimeliwa na tupa hadi kimebaki chembamba kama kidole. Anashika kiazi kiganjani, na vipande vinadondoka vya unene mmoja bila yeye kuangalia. Tulikata kama nusu saa kimya. Kisha akaanza mwenyewe: "Tulipokuja huku tulibeba michembe magunia mawili, nsansa kapu moja, na mbegu za mtama kwenye kibuyu. Mtama ndio uliotuangusha." Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa.

Tangu hapo nilielewa kazi yangu. Nilitega simu chini ya mkeka ikirekodi, kwa ruhusa yake, na sikuuliza mwaka hata mara moja. Niliuliza juu ya kazi: nani alishika nini, mlilala wapi, mlikula nini siku ile.

Walitoka Kwimba, yeye akiwa bibi harusi wa miezi michache. Kule ardhi ilikuwa imebanana kwa watu na ng'ombe, na tangu 1947 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kufungua mapori ya mbung'o na kuwahamishia watu huko, Geita ikiwemo. Bibi mpango huo haujui. Anachojua ni kwamba kaka zake babu walikuwa watano na shamba lilikuwa moja. Walivuka kwa mtumbwi pale Kigongo kwenda Busisi, ambapo leo limesimama daraja la kilomita tatu. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, akawaonyesha pori, akawaambia wafyeke mpaka watakapochoka, hapo ndipo mpaka wao.

Babu aliangusha miti mikubwa. Vichaka vyote, ambavyo ndivyo vinavyowafuga mbung'o, vilikatwa na bibi. Mwaka wa kwanza hawakuthubutu kuleta ng'ombe. Mtama haukufanya vizuri, michembe ikaisha, na aliyewaokoa ni mama mmoja wa Kizinza aliyekuwa jirani. Hapa bibi alinishika mkono ili nisikose kuandika, maana pori lile halikuwa tupu, lilikuwa na wenyewe. Mama huyo alimfundisha kutengeneza udaga: kumenya muhogo, kuuvundika mpaka ulainike na kuota ukungu, kuukwangua, ndipo kuuanika. Bibi hakujua hayo, kwao walikuwa watu wa mtama. Bila udaga, anasema, wangerudi Kwimba kwa aibu.

Miaka niliipata kwa kuzunguka. Kuna siku alisema babu alikwenda Mwanza na umati wa watu "kukataa baraza", akamwachia pamba iliyopasuka shamba zima. Hiyo ni 1958, watu wa Geita walipopinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi. Shangazi anaitwa Kabula kwa sababu alizaliwa kwenye mvua, na si mvua ya kawaida, ni zile kubwa za mwaka wa Uhuru ambazo baada yake ziwa lilipanda likameza mashamba ya ufukweni. Baada yake wakaja Kulwa na Doto, kisha Shija. Nilichora mstari kwenye karatasi ya manila, nikaning'iniza matukio juu na watoto chini, na maisha yake yakaanza kukaa kwenye miaka.

Kuhusu pamba aliongea jioni nne mfululizo. Pamba huchambuliwa kabla ya kwenda mizani, safi upande huu, fifi, ile chafu, upande ule, na chambua ya haraka inakula bei ya gunia zima. Yeye ndiye aliyechambua, usiku, kwa koroboi, mtoto amelala juu ya lundo la safi kwa sababu ni laini. Kwenye sanduku la bati la babu nilikuta stakabadhi za chama cha ushirika, zimekunjwa na kuwa rangi ya chai. Zote zina jina la babu. Ukitafuta maisha ya bibi kwenye makaratasi utaambiwa hakuwepo, na niliambiwa hivyo kweli katika ofisi moja nilikokwenda kuulizia.

Simu ilinisaliti mara moja. Ilijaa, na usimulizi wote wa kuvuka ziwa ukapotea. Nililia. Bibi akanisimulia tena baada ya wiki, lakini mtumbwi uliokuwa mmoja ukawa miwili. Nimeandika yote mawili. Tangu siku hiyo kila jioni nilihamishia sauti kwenye flashi kabla sijalala, na shangazi Kabula alinisaidia kutafsiri, kwa kuwa Kisukuma changu ni cha mjini.

Siku niliyoipenda kuliko zote ni ile tuliyotembea kwenda kwenye makazi yao ya zamani. Wakati wa Operesheni Vijiji waliamriwa kubomoa na kusogea barabarani, na bibi hakuwahi kurudi pale kwa miaka mingi. Alitembea polepole na fimbo, akapita miembe mitatu, akahesabu hatua kutoka wa katikati, akasimama. "Jikoni." Binamu yangu alichimba kidogo kwa jembe akagonga kitu. Lilikuwa jiwe la kusagia, limezama nusu, na shimo lake katikati bado laini. Bibi aliliosha kwa maji ya chupa yangu. Akapitisha kiganja pale kwenye shimo, mbele na nyuma, mara mbili tatu, kama anayesaga.

Sasa daftari lina kurasa 46. Nililisoma mbele ya familia Pasaka iliyopita. Baba mkubwa alinitaka nirudie sehemu ya pamba, akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akatoka nje. Jiwe la kaburi bado lina maneno yale yale.

Bibi alikuwa na masahihisho mawili. Nilikuwa nimeandika kwamba alimsaidia babu kufyeka, akanifanya nilifute neno "alimsaidia". La pili lilihusu mtoto wa kwanza, aliyefariki kabla pori halijaisha. Nilipofika hapo alinyamaza, akasema, "Huyo mwache kwanza." Baada ya ukurasa wa 14 nimeacha kurasa mbili wazi.