Maono yako ya kesho yasigeuke Korbani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu na leo nimeamua kuliandika, maana naona linawaumiza watu wengi wanaompenda Mungu kwa dhati kabisa. Ni hii habari ya majukumu ya leo na mipango ya kesho. Utasikia wiki hii mtu anahubiri andika maono yako, panga, wekeza, usiishi bila dira, alafu wiki inayofuata mwingine anasimama na Mathayo 6:34, msisumbukie ya kesho, na yule mshirika aliyekaa pale kwenye benchi ana mtoto anaumwa, ana mkopo, ana kozi ya jioni hajaimaliza, ana zamu ya kufundisha watoto kanisani, anarudi nyumbani hajui ashike lipi aache lipi. Mi naamini Neno halijatuacha njia panda kwenye hili.

Nianze na Marko 7, sehemu ambayo wengi tunaipita haraka. Kulikuwa na utaratibu kwamba mtu akishatamka kitu chake ni Korbani, yaani kimewekwa wakfu kwa Mungu, basi baba na mama yake hawapati tena msaada kutoka kwenye kile kitu hata kama wana shida. Kwa nje inaonekana ni ibada, mali imeshatolewa kwa Bwana nani atabisha? Lakini Yesu aliwaambia wazi Mafarisayo na waandishi kwamba wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Yaani jina la Mungu linaweza kutumika kukwepa amri ya Mungu mwenyewe, na hili linanitisha kusema kweli.

Siku hizi hatusemi Korbani. Tunasema maono. Tunasema Mungu ananiandaa kwa jambo kubwa, msimu wangu unakuja, na wakati huo huo mke anaongea na mume ambaye macho yako kwenye simu anafuatilia semina ya mafanikio, mama mzazi anapigiwa simu ya harakaharaka mara moja moja, na bosi anamlipa mshahara mtu ambaye mwili uko kazini ila akili yote iko kwenye biashara anayotaka kuifungua. Kesho imewekwa wakfu, na watu wa leo wamenyimwa haki yao. Soma 1 Timotheo 5:8 taratibu, asiyewatunza walio wake, hasa wale wa nyumbani mwake, ameikana imani. Ni neno zito sana, na Paulo aliyeliandika ni mtu aliyekuwa na maono makubwa kuliko mengi tunayoyasikia leo.

Na huyo Paulo ndo nataka tukae naye kidogo.

Anapowaandikia Warumi, barua ambayo wataalamu wengi wanaiweka kama mwaka 57 hivi, ana mpango mkubwa kichwani. Sura ya 15 anaueleza wazi. Anataka kufika Hispania, na njiani apite Rumi awaone, asafirishwe na wao kwenda mbele. Ni kitu alichokitamani kwa miaka mingi, anasema hivyo mwenyewe, na mwanzoni mwa barua anasema mara nyingi alikusudia kwenda kwao akazuiliwa. Alafu angalia mstari wa 25, anasema ila sasa anakwenda Yerusalemu, kuwahudumia watakatifu. Makanisa ya Makedonia na Akaya yalikuwa yamechanga pesa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu na yeye ndo alikuwa anaipeleka. Inavyoonekana alikuwa Korintho wakati anaandika. Hebu vuta picha ya ramani, Rumi na Hispania ziko magharibi, Yerusalemu iko mashariki. Mtu ana maono ya magharibi anageuza safari anaelekea mashariki kwanza, safari ndefu na ya hatari, na alijua ni ya hatari maana anawaomba wamwombee aokolewe na wale wasioamini kule Uyahudi, na yote hayo kwa sababu kuna maskini wanasubiri mchango na kuna watu wamemwamini na pesa zao.

Hakuifuta Hispania. Naomba hili lisikupite. Mstari wa 28 anasema nikishamaliza kazi hii, nitapitia kwenu kwenda Hispania. Mpango uko palepale, una jina la mahali, una njia, una watu wa kusaidia, ila umekaa nyuma ya jukumu lililo mkononi. Na mnajua kilichofuata, alikamatwa hekaluni, akawekwa kifungoni Kaisaria miaka 2, akasafirishwa, meli ikavunjika, wakakaa Malta miezi 3, na Rumi akafika kweli lakini akiwa mfungwa. Kitabu cha Matendo kinaisha yuko kwenye nyumba aliyopanga anapokea wote waliomjia, na habari ya Hispania haitajwi. Biblia haituambii kama alifika au la. Mi hilo hunigusa sana, maana thamani ya utii wake kule Yerusalemu haikutegemea kama mpango wake mwingine utatimia.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana kuna ndugu wengine wako salama kabisa kwenye hili la Korbani ila wanalitumia lile neno la msisumbukie ya kesho kama sababu ya kutopanga chochote. Ukimuuliza watoto watasoma vipi anakwambia Mungu atafanya njia. Ukimuuliza akiba anakwambia ndege wa angani hawapandi. Ndugu yangu, Yesu pale alikuwa anaondoa hofu, hakuwa anaondoa akili. Huyo huyo kwenye Luka 14 anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba lazima akae kwanza apige hesabu kama anazo za kumalizia. Najua pale anaongelea gharama ya kumfuata, lakini mfano wenyewe unachukulia kwamba kupiga hesabu ni jambo la kawaida kwa mtu mwenye busara.

Na Yesu mwenyewe msalabani, Yohana 19. Yuko kwenye maumivu yale, anabeba dhambi za ulimwengu, kazi ambayo hakuna nyingine kubwa kuliko hiyo, na bado anamwona mama yake na anamkabidhi kwa mwanafunzi wake aliyesimama pale. Tangu saa ile yule mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Kama kuna mtu angeweza kusema nina jambo kubwa zaidi la kushughulikia, ni yeye, na hakusema.

Watu wanapenda pia kumtumia yule tajiri mpumbavu wa Luka 12, aliyetaka kujenga ghala kubwa zaidi na usiku uleule akatakwa roho yake, kupinga akiba. Lakini mbona Yusufu kule Misri naye alijaza ghala? Mwanzo 41, sehemu moja kati ya tano ya mavuno, miaka 7 mfululizo, chakula kinawekwa mijini, na hakuna anayemwita mpumbavu. Tofauti naiona hapa, yule tajiri anaongea na nafsi yake peke yake mwanzo mwisho, ghala zangu, mavuno yangu, nafsi yangu pumzika ule unywe, wakati ghala za Yusufu zilikuja kufunguliwa kwa ajili ya watu wenye njaa, hadi ndugu zake waliomuuza. Kwa hiyo ukitaka kuupima mpango wako jiulize kuna nani mwingine ndani yake zaidi yako, na jiulize pia nani anaulipia leo bila kuulizwa. Kama ni mwenzi wako na watoto ndo wanaulipia kwa kukukosa kila jioni, kaeni chini muuzungumze wote, wakubali au muupunguze. Hiyo nayo ni sehemu ya kupanga.

Kuna mtu anasoma hapa anasema sawa ila mi sina hata nafasi ya kupanga, nauguza mzazi, kila kitu changu kimesimama. Dada yangu, kaka yangu, hujapotea. Uko safari ya Yerusalemu. Andika Hispania yako mahali, na uipe kiasi kidogo unachoweza, maana hata kwenye ule mchango wa Yerusalemu Paulo aliwaambia Wakorintho kila siku ya kwanza ya juma mtu aweke akiba kwake kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, hakuwapangia kiwango. Inaweza ikawa kurasa chache za kitabu mgonjwa akilala, au pesa kidogo sana pembeni, au simu moja kwa mtu anayeijua hiyo kazi unayoitamani. Na wiki ikikataa kabisa, muuguze mzazi wako, hiyo Hispania utaishika tena wiki ijayo.